Mkono Kwenye Picha

Msamehe mapema, jamani. Kisa hiki kitasimuliwa vibaya, na kimeandikwa vibaya zaidi. Herufi zimelala kama walevi, mistari inapanda mlima, na mchapaji ameshalalamika mara mbili kwamba hajui kama anasoma Kiswahili au ramani. Atakayeshindwa njiani ashuke tu, hatalaumiwa.

Kijiwe chenyewe kipo kona moja ya njia ya Kawe, pale pikipiki zinapogongana kila wiki. Ndiyo maana kinaitwa Kijiwe cha Mashahidi: ajali ikitokea wote wameiona, hata waliokuwa wamegeukia ukutani. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali manne. Asubuhi hiyo ya Jumanne wakaaji walikuwa watatu. Brightson, fundi simu, huitwa Dishi kwa sababu hakuna habari ipitayo angani isimdondokee. Revelian, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, huitwa Nukta, maana akishasema yeye anataka mjadala uishie hapo. Wa tatu ni Alfonsi, mchonga vinyago wa Newala, ambaye kwa jinsi anavyowachapa wala rushwa kwa mdomo, walimpa cheo cha Kamanda. Kahawa ilikuwa ya Badru, birika juu ya mkaa, kashata kwenye sinia.

Kamanda alikuwa amekaa na mkono wa kulia mfukoni. Siku ya nne hiyo.

— Mmeiona? Dishi aliuliza, simu juu.

Wameiona, nani hajaiona? Meza ya ofisi, bendera ndogo, na mama Sekela, mtendaji wa kata, anapokea bahasha ya kaki kutoka kwenye mkono usio na mwenyewe. Picha, iliyokuwa ikizunguka tangu Jumamosi, ilikuwa imekatwa kwenye kiwiko. Juu yake, maandishi mekundu: AFISA ANASWA LAIVU AKIVUTA MLUNGULA.

— Mie niliirusha magrupu kumi na manne kabla hata sijaisoma, Dishi alisema kwa fahari.

— Kabla hujaisoma? aliuliza Badru.

— Braza, ningengoja kusoma ningewahiwa. Kusoma ni kazi ya wanaopokea. Sie ni wasambazaji.

Nukta alikunywa, akapangusa masharubu.

— Mama huyu mie nilimshtukia zamani. Mwaka juzi nilimpelekea soda ya shukrani, moja tu, ya baridi. Akairudisha. Nikasema moyoni, huyu anataka kreti. Nukta.

— Au hakuwa na kiu, Badru alisema.

— Wewe mimina kahawa.

Kamanda alitazama barabara. Kilichokuwa ndani ya bahasha alikijua neno kwa neno, kwa kuwa alikiandika mwenyewe: kurasa mbili, mwandiko wa kulia uliosimama wima, mzuri kama wa cheti. Aliandika kuhusu choo cha shule ya msingi. Bango langoni lilisema matundu kumi na mawili, uwanjani yalikuwa manne, na moja halina mlango. Mkandarasi alimtaja kwa jina. Tatizo, banda analochongea vinyago limesimama kwenye kiwanja cha mkandarasi huyohuyo. Kwa hiyo alimwomba mama Sekela jambo moja: jina lake lisitoke. Mama Sekela alimtazama, akasema, "Halitatoka." Basi. Mtu mmoja kwenye foleni, pale dirishani, ndiye aliyenyanyua simu akapiga picha.

Na sasa Alhamisi, saa nne asubuhi, mama Sekela anakwenda kujieleza mbele ya kamati. Barua imeshayeyuka kwenye faili lake, hakuna ajuaye ilikokwenda. Angetosha shahidi mmoja tu, mwenye mkono.

— Ishu si mama, Dishi alisema akiivuta picha kwa vidole hadi ikajaa kioo. Ishu ni mkono. Cheki dole gumba. Kucha imepasuka katikati.

Dole gumba la Kamanda likajikunja mfukoni kama konokono.

— Mkono wa mtu wa kazi huo, alisema Badru.

— Wa mhasibu, alisema Nukta. Kucha imepasuliwa na karatasi. Nimeshika chaki miaka thelathini na nne, karatasi naijua inavyokata.

— Mhasibu wapi! Dishi alipinga. Huyo ni wa kampuni kubwa ya nje. Wale wanakuwaga na mtu maalumu wa kupeleka bahasha, hana kazi nyingine. Kaajiriwa mkono tu.

— Na mwili wake? aliuliza Badru.

— Mwili unabaki hotelini Kunduchi, unaogelea.

— Mie naona huo mkono haupo kabisa, alisema Nukta. Umetengenezwa na kompyuta. Hizi akili za bandia zinakoseaga vidole. Hesabu.

Dishi alihesabu, midomo ikicheza.

— Vitano, Mwalimu.

— Umeona? Wameshaboresha.

Wakaiogopa kompyuta kidogo. Kisha Dishi akashika kichwa.

— Oya, subirini. Mkono wa kushoto wa mama uko wapi? Hapa anapokea kwa kulia. Kushoto hakuonekani!

— Uko chini ya meza, alisema Badru.

— Au uko mbele ya meza, unatoa bahasha.

— Unamaanisha...

— Anajihonga mwenyewe! Anatoa kwa kushoto, anapokea kwa kulia. Hakuna shahidi, hakuna mgao.

Nukta alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

— Nchi imefika huko. Nukta.

— Kamanda, mbona umepoa? Dishi akamgeukia. Siku nyingine saa hizi ungekuwa umeshalijaza gereza la Segerea, wengine wanalala kwa zamu.

Kamanda alikohoa. Neno lilipanda, likafika kwenye meno. Akaliona banda lake, patasi zimepangwa, magogo ya mpingo aliyoyatoa kusini gogo kwa gogo. Neno likageuza.

— Mie nasema hivi. Rushwa ni mbaya.

— Hiyo tunaijua.

— Ni mbaya sana.

Badru alimnyooshea kikombe. Kamanda akakipokea kwa kushoto.

— Leo siku ya nne unapokea kwa kushoto, Kamanda. Mtu mzima wewe.

— Bega, Badru. Limekaza.

— Pole. Halikazi zaidi likiwa mfukoni?

Kabla hajapata uongo wa pili, binti mmoja alivuka barabara. Umri wa kumaliza chuo, viatu vina vumbi mpaka kwenye vifundo, mkononi karatasi iliyochapwa ile picha.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Noela. Mama Sekela ni mama yangu.

Simu ya Dishi iliingia chini ya paja. Nukta akasimama kumpa pole kama msibani.

— Pole sana, mwanangu. Sie tuko na mama yako.

— Tumeumia mno, sista, Dishi akadakia. Mie binafsi nimewajulisha watu wengi sana.

— Asanteni. Noela alikunjua karatasi. Mama hali wala halali. Anasema ndani mlikuwa na barua ya mwananchi wa hukuhuku. Namuuliza ni nani, anasema alimwahidi hatamtaja. Nikamwambia, mama, watakufukuza. Akanijibu kwamba ahadi kaitoa yeye, kwa hiyo kufukuzwa ni juu yake pia. Basi nazunguka vijiweni. Wazee wangu, swali langu ni moja tu. Huu mkono ni wa nani?

Dakika mbili nyuma ule mkono ulikuwa na wenyewe wanne, mmoja anaogelea. Sasa Dishi alikuwa anachunguza kandambili zake. Nukta alipangusa masharubu makavu, wala hakuweka nukta. Badru alimtazama Kamanda. Kamanda alitazama kahawa yake, na kahawa nayo ilikuwa na sura yake.

— Haya, Noela alisema. Asanteni hata hivyo.

Akawapa mikono ya kuaga, mmoja mmoja. Alipofika kwa Kamanda akapewa kushoto. Aliutazama, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

— Umeumia, baba?

— Kidogo, mwanangu.

— Mungu akuponye.

Akaondoka kuelekea kijiwe kinachofuata, karatasi ikipepea.

Nukta alikaa chini kwa kishindo.

— Watu wa nchi hii waoga sana. Si ajitokeze tu huyo mwenye mkono? Atakufa?

— Kabisa! Kamanda alisema, na sauti ilimtoka nene, ileile ya siku zote, sauti iliyompa cheo. Mtu wa hivyo hana haya! Anamwacha mama wa watu anateketea!

Akanyoosha kikombe kwa Badru aongezwe.

Badru alikitazama kikombe, akautazama mfuko.

— Kahawa imeisha.

— Imeisha wapi? Dishi alishangaa. Mbona birika linatoa mvuke?

— Ya Kamanda imeisha.

Alhamisi ikafika, saa nne ikafika, ikapita. Mama Sekela aliulizwa mara tatu mkono ni wa nani, na mara tatu akasema ni wa mwananchi. Ijumaa akakabidhi funguo za ofisi. Wiki iliyofuata ule ukurasa wa mtandaoni uliorusha picha uliandika mstari mmoja kuomba radhi kwa usumbufu. Dishi hakuurusha popote, alisema hauna mvuto. Choo kina matundu manne mpaka leo, na mkandarasi amepewa kujenga uzio wa shule ileile. Kijiweni wamekwisha kuhamia picha nyingine.

Kwa hiyo, msamehe mwandiko. Shule nilisoma, na barua ile ya kurasa mbili ilikuwa imesimama wima kila herufi, mama Sekela ni shahidi. Ila jaribuni nyie kuandika kisa kizima kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado nimeutia mfukoni.