Fundi Aliyekataa Kupanua Joho la Mchungaji

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi cherehani. Mtaani aliitwa Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake, hata ibadani. Alifariki dunia Jumatatu, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alishona nguo za watu kwa miaka arobaini na mitano. Hata hivyo, tunamkumbuka zaidi kwa nguo moja aliyokataa kuigusa.

Nguo hiyo ilikuwa joho la mchungaji wake.

Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Mchungaji aliingia katika chumba cha ushonaji, chumba chembamba chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Joho lilikuwa limembana tena. Mama Futi alikwisha kulipanua mara tatu.

"Vidole viwili tu, mama," mchungaji aliomba.

"Baba Mchungaji, kitambaa cha akiba ndani ya mishono kimekwisha. Sasa tumpunguze mvaaji."

Wakacheka wote wawili. Lakini fundi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Katika kupimwa kule kufupi, mchungaji aliomba maji mara tatu. Kiatu cha kushoto alikikanyaga kisigino, kwa sababu ya kidonda kidoleni kilichokataa kupona. Mama Futi aliijua njia hiyo. Marehemu mumewe alianza na kiu, kikafuata kidole, ukafuata mguu. Naye alikuwa akimsifu mumewe kila alipomaliza sufuria.

"Silipanui," alisema. "Nenda hospitali kwanza."

Mchungaji hakukubali. Kila Jumapili alitembelea nyumba sita. Kila nyumba ilimwandalia sahani iliyofurika, pamoja na soda. Waumini waliamini kwamba mchungaji akibakiza chakula, ameikataa shukrani yao kwa Mungu. Yeye mwenyewe aliamini hivyo.

"Nitawabakishiaje, mama? Wamepika kwa imani."

"Nao watakuzika kwa imani," fundi akamjibu.

Habari zikawafikia wazee wa kanisa. Mama Futi akaitwa.

"Tangu lini cherehani ikahubiri?" aliuliza mwenyekiti wa akina mama.

Fundi alisimama mbele yao, futi yake shingoni. Alisema kwamba chakula ni zawadi ya Mungu, na mwili nao ni zawadi ya Mungu. Haiwezekani kumshukuru kwa zawadi moja huku tukiiharibu nyingine. Alisema kwamba Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo, wala si ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hawakumwelewa. Sare za kwaya, kazi aliyoitegemea, zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Binti yake anakumbuka: "Nilimwambia, mama, mpanulie tu yaishe. Akanijibu, 'Mwanangu, baba yako nilimnyamazia. Huyu simnyamazii.'"

Jumapili iliyofuata, alimwomba mchungaji aanzie kwake. Aliandaa maharage, mboga za majani, kipande cha samaki na jagi la maji. Wakashukuru, wakala. Walipomaliza, akasema, "Kwangu tunashukuru tena, Baba, tukiwa wima."

Mchungaji akainuka. Akaishika meza kwa mikono yote miwili. Soksi ya kushoto ilikuwa imelowa damu.

"Umekula kidogo, na bado kusimama kumekushinda," Mama Futi alisema polepole. "Zimebaki nyumba tano. Utazimaliza, au twende?"

Wakaenda hospitali. Madaktari wakagundua kisukari. Walimkata kidole kimoja, wakauokoa mguu. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kidole kimoja kilikatwa, mguu ukabaki.

Mchungaji alipopona, aliyaeleza yote mbele ya kanisa zima. Ziara ziliendelea, lakini kula kukawa katika nyumba moja tu, na mezani mboga na matunda vikachukua nafasi ya soda. Mwenyekiti wa akina mama aliubeba mwenyewe mzigo wa vitambaa vya sare za kwaya hadi kwa Mama Futi.

"Dada, tupime. Na utusamehe."

"Kusamehe nilishamaliza. Kupima ndiko kutakakochukua muda, maana kwaya yenu imenenepa."

Juzi, makaburini, mchungaji huyo, ambaye sasa amestaafu, alisema maneno machache. "Nimewaona wajukuu wanne katika miaka hii kumi na tisa. Waumini wote walinipenda. Mmoja tu ndiye aliyenikatalia."

Kwa binti wa marehemu, kwa wajukuu, na kwa mafundi wote aliowafunza kazi, tunawapa pole kwa moyo wote. Jivunieni. Mmelelewa na kufunzwa na mwanamke jasiri.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Leo ukiketi mezani, shukuru kwa dhati, kisha ule kiasi. Halafu mtazame unayekula naye. Ukiona ana kiu isiyokatika, au kidonda kisichopona, mwambie. Akikasirika, mwache akasirike. Angalau atakuwa hai.