Jina la Thorkild Ravnholt Chini ya Kiti

Zamani mtu alirithi kiti cha babu yake, lakini siku hizi kiti huja ndani ya boksi na hutupwa kabla mtoto wa nyumba hajajifunza kutembea. Kaka yangu Thorkild alifanya kazi katika nyakati zote mbili, na hilo lilimtesa.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1931 mjini Nakskov, mtoto wa seremala Anker na Mama Signe. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, akashika randa katika karakana ya baba. Mwaka 1951 mafundi wazee walikagua kazi yake ya kuhitimu, kabati la mwaloni lisilo na msumari, wakaridhika. Kisha akasomea ubunifu wa samani Kopenhagen.

Mwaka 1958 alibuni kiti kilichompa sifa na tuzo. Kila mguu uliingia katika tundu lake ukakazika wenyewe bila skrubu, na chini alichoma jina lake kwa chuma cha moto. Mwaka uliofuata alimwoa Gudrun, mfumaji.

Mwaka 1966 kiwanda kilitaka kutoa viti hivyo haraka, miguu ishikwe kwa skrubu, jina lake libaki chini. Thorkild alikubali. Ninalisema hili kwa aibu mbele ya jeneza lake, kwa kuwa aliniagiza nisilifiche.

Januari 1971 Mama alitimiza miaka sabini. Tulisimama kumwimbia wimbo tuliomtungia, yeye ameketi, mguu wa kiti ukachomoka. Akaanguka, kahawa kifuani. Pale pale sakafuni alikipindua kiti, akasoma jina.

"Thorkild mwanangu, siku hizi unatengeneza viti vya kukalia mara moja?"

"Mleteeni kreti la bia," akadakia Mjomba Laurits. "Hilo halijapata tuzo, lakini halimwangushi mtu!"

Watu walicheka hadi machozi. Thorkild alitoka nje kwenye theluji bila koti.

Kesho yake aliomba kiwanda kiondoe jina lake. Wakamjibu kwamba jina ndilo linalouza. Tangu hapo, akienda kwa watu, alipapasa chini ya kiti kwanza. Akigusa skrubu, alikunywa kahawa amesimama. Tuzo zake alizitia ghalani, kwenye sanduku la viazi.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza mwaka 2004. Alifariki tarehe 9 Februari 2012 katika nyumba ya wazee. Ameacha mjane wake Gudrun, watoto Merete na Asger, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, Viggo. Mungu aitulize mikono yake.

Mara ya mwisho nilimkuta Jumapili, amepiga magoti katika chumba cha kulia chakula, kilichojaa viti vyake vya kiwandani. Alikuwa amepindua kimoja, anasugua jina kwa msasa.

"Thorkild! Inuka bwana, sakafu ya baridi hiyo," muuguzi alimkemea. "Na kiti hicho ni cha wazee wote!"

"Kiti kaeni nacho. Mimi nataka jina langu."

Mkono ulimtetemeka mno. Hata herufi ya kwanza bado ilisomeka. Nikapiga magoti, nikamshikia kiti kisicheze.