Wazamiaji Hawaruhusiwi

— Laki tatu! Wanangu wamechanga laki tatu nikapumzike, halafu naambiwa mimi sikutokea!

— Punguza sauti, Breki, nina wembe shingoni mwa mtu.

— Sipunguzi!

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu wake wa nne ni tofali, limeegemea ukuta wa kinyozi upande wa kivuli. Kinyozi ananyolea mlangoni ili asipitwe na neno. Shangazi ndiye mwenye birika la kahawa. Profesa anauza vocha za simu. Cheo kajipa mwenyewe, na methali zake hazijawahi kukaa mahali pake. Mimi fundi viatu, kigoda changu kiko pembeni, nasikia yote hata yasiyonihusu, na yasiyonihusu ndiyo hunipandisha hasira zaidi. Aliyekuwa anafoka asubuhi hiyo ni dereva mstaafu wa lori, mgongo kauacha kwenye usukani. Tunamwita Breki kwa sababu akianza kusema hana.

— Kaka, hebu anza mwanzo, alisema Shangazi. Mimi nilikuwa nahangaika na mkaa.

— Mwanzo ni huu. Wanangu wametulipia, mimi na mama yao, siku mbili kwenye kihoteli cha ufukweni. Unavaa miwani ya maji, unazama kuangalia samaki, ukitoka unalazwa kitandani unakandwa mafuta. Mama yao katangulia asubuhi, binti yetu kamfikisha akarudi. Mimi nikafuata alasiri, maana dobi alinichelewesha.

— Dobi wa nini?

— Wa suti.

Kinyozi akainua wembe juu.

— Umeenda baharini na suti?

— Na tai! Wanangu wametoa laki tatu, niende na kaptula?

— Wahenga walisema, alidakia Profesa, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu hakuyavulia, kayavalia. Sasa atayaogaje?

— Nyamaza wewe. Nikafika getini. Askari kaniuliza, "Mzee wangu, umefuata nini?" Nikamjibu kiume, "Nimekuja kuzamia."

Shangazi alishusha birika chini.

— Umesemaje?

— Kuzamia! Si ndiyo kazi ya pale? Bango limeandikwa herufi hizi: KARIBU KITUO CHA KUZAMIA.

— Na ndani siku hiyo kulikuwa na nini?

Breki akatazama viatu vyake.

— Harusi.

Yule aliyekuwa ananyolewa alicheka mpaka Kinyozi akamshika kichwa kama nazi. Mimi sikucheka. Nilijua linakoelekea.

— Askari ananiambia, "Mzee, nimelinda geti hili miaka. Mzamiaji huwa anajifanya mjomba wa bwana harusi. Wewe unatamka hivihivi, mchana kweupe?" Nikamwambia mimi sina maisha ya kujificha, nimelipiwa. "Umelipiwa uzamie?" Nimelipiwa na wanangu! Akatikisa kichwa. "Kumbe familia nzima." Halafu akaninyooshea kidole. Chini ya bango wamebandika karatasi mpya: WAZAMIAJI HAWARUHUSIWI.

Hapo nyundo ilinitoka mkononi.

— Geti moja? nikauliza. Geti hilohilo?

— Hilohilo, fundi. Juu karibu, chini potea.

— Huo ni wizi! Mimi hapa nimeandika, "Kiatu kisichochukuliwa mwezi mzima kinauzwa." Mwezi ukiisha nauza, hata kiwe cha mkwe wangu. Neno moja, maana moja. Utamwitaje mtu na kumfukuza kwa neno lilelile?

— Ungesema kupiga mbizi, kaka, alisema Shangazi kwa upole.

— Nibadilishe maneno ya mwenye nyumba mlangoni pake? Kaandika kuzamia, nikazamia!

— Jina lako hawakulitafuta?

— Kaita ndani kwa redio. Wakasema mgeni wa jina hilo hatuna. Kumbe chumba mkwe wangu kakiandikisha kwa jina lake. Nampigia mama yao, simu imezimwa. Ndani kule simu wanazikusanya, eti mgeni atulie.

Kinyozi alikung'uta nywele kwenye taulo.

— Nawaambia, hiyo ndiyo biashara yao. Mnaalikwa kama wapiga mbizi, mnafukuzwa kama wavamia harusi. Pesa imebaki, chumba kimebaki, shuka hazifuliwi.

— Dogo hilo, alisema Profesa. Pale hakuna bahari kabisa. Ni picha ukutani.

— Nimesikia mawimbi kwa masikio yangu!

— Umesikia redio ya askari. Na samaki wale ni wa kukodi. Wanaletwa kwenye mapipa, wanaonyeshwa, wanarudishwa. Ndiyo maana hawamruhusu dereva wa lori kuingia. Angelitambua gari linalowabeba! Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Na hiyo inahusiana nini na mapipa?

— Utamwingizaje kwenye pipa asipokunjika?

Shangazi akampa Profesa mgongo, akamgeukia Breki.

— Ukalala wapi? aliuliza Shangazi.

— Kwenye benchi la askari, na suti yangu. Kanipa na koti lake nijifunike. Mtu mwema yule, hilo sikatai. Mbu nao walikuja kwenye harusi, hao hawakuzuiwa. Asubuhi nikapanda basi nikarudi, mgongo kama ubao. Na mama yao? Kakaa siku zote mbili. Kakandwa zamu yake, wakamwambia ya mwenzio inaharibika, kakandwa na yangu! Karudi anang'aa kama sufuria jipya, ngozi laini, ananukia maua.

— Basi si hasara tupu, alisema Kinyozi. Laki tatu imerudi nyumbani, iko jikoni.

— Haiko jikoni! Hataki hata kuongea na mimi!

Sauti ilimbadilika. Hata Profesa akaacha kuchezea vocha.

— Haamini kwamba nilifika. Anasema hiyo habari ya geti nimeitunga njiani. Ananiambia, "Maisha yetu yote umenikimbia kwa lori. Umestaafu, bado unanikimbia." Alinisubiri mezani, viti viwili. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nasikia ngoma za harusi. Sasa nimthibitishie vipi?

Nikaokota nyundo yangu, nikaipiga soli ambayo haikuwa na kosa.

Ndipo gari dogo jeupe likasimama mbele yetu. Akashuka kijana mwenye shati lenye picha ya samaki mfukoni, kashika mfuko wa plastiki.

— Shikamooni. Namtafuta mama mmoja, mume wake dereva wa lori. Alikuwa mgeni wetu, kasahau kandambili zake.

Tukageuka wote kumtazama Breki. Kijana naye akatazama tulikotazama, akafunua kinywa.

— Aa! Si mzee wa suti huyu? Mzee wa getini! Yule mzamiaji!

— Mmesikia? alifoka Breki, kasimama, benchi likayumba. Mmesikia kwa masikio yenu?

— Tumesikia! nikasema. Kijana, twende sasa hivi kwa huyo mama ukayaseme hayo mbele yake!

— Nitayasema, baba, siogopi. Chumba ni chao wote wawili kumbe? Kijana alikuna kisogo. Lakini mzee, samahani nikuulize. Mama alikuwa pale ndani, hatua chache tu. Kwa nini hukumwambia askari, "Mke wangu yumo, mwiteni"?

Kinyozi akapuliza wembe usio na nywele. Profesa akaangalia juu, kama anayetafuta methali darini, na hapo hapana dari. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Breki. Likatoka tone moja, halafu machicha.



Breki akazichukua zile kandambili, akazipangusa mchanga kwa mkono wa koti lake.

— Ngoja, kijana. Hizi nitazipeleka mwenyewe, wewe njoo nyuma yangu useme ulichoona. Halafu ukirudi, mwambie bosi wako aibandue ile karatasi. Na umwambie nadai siku zangu mbili.

— Pesa hawarudishi, mzee.

— Nani kataja pesa? Siku mbili. Na viti viwili, mezani palepale.