Maiti Anayefukuza Nzi

Baada ya alasiri Garissa hulegea. Jua linabaki juu ya mabati kama limesahau njia ya kwenda, vumbi linasimama hewani, na sisi tusio na ofisi tunakaa kwenye benchi chini ya mwarubaini, kando ya kibanda cha kahawa cha Dahabo. Mimi hapa naitwa Digrii, na ni tusi hilo: nina shahada ya filamu, kazi sina. Kulia yuko Gelle, dereva wa lori, ambaye herufi p imemkataa tangu utotoni. Kushoto, Mwalimu Mutiso, aliyeletwa kutoka Machakos kisha akasahauliwa huku. Simu yangu imeegemea kopo la sukari, na kwa mara nyingine tunatazama filamu yetu wenyewe. Familia inasafirisha mzee wao aliyefia Habaswein. Wamemvika miwani ya jua, wakamketisha mbele ya lori. Kila kizuizi, polisi wanataka vitambulisho, na marehemu peke yake ndiye aliye nacho. Walio hai wanateremshwa mmoja mmoja. Maiti anapita.

— Ngoja habo, akasema Gelle. Anakuja nzi.

Ayanle wetu, aliyeigiza maiti kwa ndevu za pamba, akainua mkono, akafukuza nzi puani, halafu akafa upya. Tukacheka kama wageni wa filamu hiyo.

— Hilo kosa ungelikata, akasema Mutiso.

— Ningelikata ingebaki filamu tu, Mwalimu. Sasa ni dini.

— Astaghfirullah, akasema Dahabo. Tafuta neno lingine.

— Haya, ni ugonjwa. Kamera simu, taa jua, mshahara chapati. Wale wa Nairobi wana mamilioni, na maiti zao hazichekeshi hata fisi.

— Wanafunzi wangu wanaijua yote kwa moyo, akasema Mutiso. Na hakuna neno hata moja linalosikika, upepo mtupu.

— Ndio utamu, walaal, ndugu yangu, nikasema. Kila mtu anatia maneno yake. Wajir wanamtia Kiborana, hapa Kisomali, na maiti anakubali lugha zote.

— Lakini ule mwisho. Lori linaingia kwenye mazigazi pale mbele ya daraja, halitoki. Mimi nasema lile lori ni nchi yetu.

— Nchi gani, Mwalimu? Gelle akaweka kikombe chini. Mimi ndio nilishika usukani. Lile lori liliingia beboni. Niliona geti kwa macho yangu, wallahi.

— Waryaa, wewe, mafuta yaliisha, nikasema.

— Yaliisha getini. Na bolisi naye alikuwa habo, anataka kitambulisho.

Dahabo akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Sehemu ya pili maiti anaamka, nikasema. Nimeshaiandika. Nimekosa maiti tu.

Hapo kicheko kikakauka. Kitambulisho cha kwenye filamu tulikikata kwenye boksi la biskuti. Kile cha kweli Ayanle alikiomba mpaka akachoka. Ofisini wakamwambia njoo kesho, leta babu, leta shahidi wa babu. Siku moja akapanda lori lingine, la kwenda Libya. Simu yake iko kimya tangu Ramadhani.

Hatukumwona mama yake akikaribia. Habaryar Istahil, mama mdogo tunavyomwita kwa heshima, alisimama nyuma ya benchi, jilbabu imejaa vumbi.

— Nimeambiwa mko na mtoto wangu kwa simu.

— Habaryar, ni mchezo wa kijinga tu, akasema Gelle, akinyoosha mkono aizime.

— Wacha.

Tukampisha. Nikaanza mwanzo. Hakuuliza kwa nini mwanawe ana ndevu, wala kwa nini amekufa. Nzi alipokuja, akainama.

— Rudisha.

Nikarudisha.

— Rudisha tena.

Mkono wa Ayanle ulipopanda, wake ukapanda nao, taratibu, mpaka kwenye pua yake. Kisha akaiacha filamu iende. Barabara ikarefuka, nyeupe. Lori likawa dogo, likaanza kutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji, likayeyuka. Kioo kikawa cheusi, tukaona nyuso zetu.

— Lilifika? akauliza.

Gelle, aliyeshika usukani, akatazama ndani ya kikombe. Mwalimu akanitazama mimi. Dahabo akainua birika, akalirudisha bila kumimina. Nami, na shahada yangu yote, nikarudisha mpaka pale kwenye nzi.