Pumzi ya Modesta

Nyuma ya kiwanda cha minofu, pale Nyakato, harufu ya mapanki yanayokaangwa huishinda harufu ya kahawa. Minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, hubaki kwa wenye nchi. Kwenye benchi la kijiwe cha kahawa kilichopo hapo Mzee Yeremia alirudi siku ile, mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Modesta alizikwa bila wimbo hata mmoja, maana kanisa lilikuwa limemtenga na Meza ya Bwana kwa kosa la ulevi. Wenzake walimpisha. Aliyesogea mbali zaidi ni Antoni, mzee wa kanisa.

Mihayo, waliyemwita Bonge, alikuwa ametoka kuugua malaria, suruali imemlegea.

— Bonge, kitambi umekipeleka wapi? akauliza Chenge, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimi.

— Kimetoka kwa jasho, bwana. Shuka lilikuwa linateleza kama kikaango.

— Uongo! Mafuta hukimbilia kwenye mifupa. La sivyo, supu ya kongoro ingepata wapi mafuta?

— Basi aliyekonda angekuwa mzito.

— Ndivyo! Jeneza la mtu mkondefu huwatoa jasho wanaume sita. Wahenga waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakubeba jeneza.

Redio akakumbuka aliyeketi karibu yake, akazima. Yeremia akasema polepole:

— Mafuta ni akiba. Mwili hutumia kwanza sukari itokayo kwenye ugali. Ikikosekana, huchoma mafuta. Mungu alituumba hivyo ili tusife kwa njaa ya siku moja.

— Huchoma kwa moto gani, mzee?

— Kwa hewa tunayovuta, bila mwali. Mengi yakishaungua hutoka kwa pumzi.

— Kitambi kitoke puani! Bonge akacheka hadi kahawa ikamwagika.

Yeremia akangoja kicheko kiishe.

— Modesta alikuwa na kisukari, hatukujua. Sukari ilijaa kwenye damu, mwili ukashindwa kuitumia. Anakula, anakonda. Anamaliza mtungi wa maji, bado ana kiu. Mwili ukadhani una njaa, ukachoma mafuta kupita kiasi. Hapo damu huchachuka, na pumzi hunuka kama nanasi lililoiva mno. Daktari alimnusa tu, akajua. Tulikuwa tumechelewa.

— Nanasi lililoiva mno ni pombe, akasema Antoni. Baraza zima la wazee wa kanisa tulimnusa. Alikuwa anapepesuka.

— Alikuwa anakufa, Antoni.

— Sisi si madaktari.

— Basi simama Jumapili mbele ya usharika, useme hakuwa mlevi. Wanangu wanaitwa watoto wa mlevi.

— Yeremia, ndugu yangu, utaratibu unaujua. Aliyetengwa hurudishwa kundini kwa kutubu. Marehemu atatubuje?

— Atubu nini?

Antoni akatazama barabarani.

Kulikuwa na dereva wa lori la samaki, amesimama na kikombe chake akingoja zamu ya kupakua.

— Shikamooni, wazee. Mimi mgeni hapa, mnisamehe. Huyo mama, nani alimwona akinywa?

Redio akamgeukia Bonge. Bonge akamgeukia Antoni.

Mzee Yeremia akamsogezea mgeni nafasi kwenye benchi. Wakakaa wawili wale, wakimtazama mzee wa kanisa, wakingoja.