Kokubanza na Dawa Isiyo na Macho

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Kokubanza wa Kanazi, mkulima wa kahawa na ndizi, aliyezikwa juma lililopita. Kokubanza, mama yake Anatolia.

Turudi mwaka 1961. Uhuru unanukia, lakini bendera ya Mwingereza bado iko juu ya boma la Bukoba. Anatolia ana miaka sita. Taya lake limevimba. Watu walisema ni jino. Uvimbe ukakua upesi mno, hadi jicho likaanza kusukumwa. Daktari wa Bukoba hakuzungusha maneno: ni saratani, nendeni Kampala, kuna dawa mpya inajaribiwa. Kokubanza akambeba mtoto mgongoni, wakapanda basi, wakavuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda.

Wodini walimkuta muuguzi Clotilda, mzaliwa wa Nshamba. Kusikia Kihaya tu, Kokubanza akalia. Clotilda akamketisha, akamweleza.

"Mama, dawa hii haina macho. Inapita na damu mwili mzima, inaua kinachokua haraka. Uvimbe unakua haraka. Nywele nazo, na ngozi ya ndani ya mdomo. Vyote itavipiga. Nywele zitarudi. Uvimbe tunataka usirudi."

Dawa ikaingia mshipani. Mtoto akatapika usiku kucha. Kila asubuhi Kokubanza aliufunika uvimbe kwa kiganja. Mwanzoni ulikijaza. Siku chache baadaye kiganja kikabaki na nafasi. Kisha, wasikilizaji, akagusa mfupa wa taya. Mfupa mtupu! Alisimulia hadi uzeeni kwamba aliogopa hata kupumua, asije akauamsha ule uvimbe.

Nywele zikabaki kwenye mto. Mdomo ukajaa vidonda, mtoto akanyweshwa uji wa ndizi uliopoa. Clotilda akaonya: damu ya kulinda mwili imepungua, homa ikija msingoje kuche. Na akasema ukweli wote. Kuna watoto dawa hii haikuwaokoa. Mmoja alifia kitanda cha jirani.

Wakaruhusiwa kwenda nyumbani, mwili upate nguvu, kisha warudi kwa dozi nyingine. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Nathanael, mume wa Kokubanza, alikuwa Mlutheri wa uamsho. Kuona taya limenyooka, alisimama kanisani akatoa ushuhuda: binti yangu amepona. Watu wakaimba, wakaleta mikungu ya ndizi. Siku ya kurudi Kampala ilipofika, akakataa.

"Nimeshukuru mbele za watu," alisema. "Ukimrudisha, nitaonekana nilidanganya kanisani."

Wazee wa kanisa wakamuunga mkono. Kurudi, walisema, ni kumtilia Mungu shaka. Kokubanza aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Anatolia, waitu, nakuuliza kwa heshima. Lumbugu ukiifyeka juu, huwa unatoa ushuhuda?"

Lumbugu ni yale majani yanayotambaza mizizi chini ya kibanja, shamba la migomba. Ukifyeka leo, keshokutwa yamechipua. Nathanael alikuwa amepinda mgongo maisha yake yote akiichimbua mizizi hiyo. Wifi yake Kokubanza, Kokwijuka, akacheka kando: "Kaka, mjibu basi, wewe si mkulima?"

Nathanael alikwenda kutafuta begi la safari.

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani, peke yake, akasema alishukuru kabla kazi haijaisha, akaomba waumini wawaombee walioko safarini. Mama na mtoto walikuwa wameshavuka mpaka.

Walirudi Kampala tena na tena, mpaka madaktari waliposema inatosha.

Tulimuuliza Anatolia mama yake alimwambiaje kuhusu miezi ile. "Hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa nakufa," alisema. "Aliniambia tu nilikuwa nikitapika sana kwenye basi."

Familia ya Kokubanza, pale Kanazi na Nyanga, poleni sana. Na wewe unayesikiliza, uliyeona nafuu ukafikiri kuacha matibabu, muulize kwanza daktari wako.

Pale kaburini, wasikilizaji, udongo wa kwanza ulitupwa na Anatolia. Ana wajukuu sasa. Alitupa, akasimama, akamzika mama yake kama inavyopaswa: mtoto akimzika mzazi.