Mgeni Rasmi na Maji Mafu

Kijiwe chetu ni mlango wa ghala lililobomoka, umelazwa juu ya matofali ubavuni mwa msikiti mdogo wa Mkongowele, kijiji cha jirani na Kiswere. Ukikaa vibaya, kitasa kinakuchoma kiuno. Mzee Amiri anauza kahawa, sisi wengine tunauza maneno. Asubuhi ile nilifika na hasira zangu tayari. Miezi mitatu mwamba wetu wa pweza umefungwa ili pweza wanenepe, na wanawake wanaovua kwa miguu, mke wangu Adija akiwemo, miezi yote hiyo wanakula muhogo na kungoja. Sasa limekuja neno kutoka halmashauri: mwamba utafunguliwa Jumatano ya wiki ijayo, kwa sherehe, mbele ya mgeni rasmi. Na wiki ijayo ni maji mafu. Bahari haitoki. Mwamba unabaki chini ya maji ya shingo, na mtu wa miguu hafiki. Anafika mzamiaji mwenye boti na miwani, mtu wa huko alikotoka. Mpaka bamvua lirudi na maji yatoke sawasawa, Adija na wenzake watakuta mashimo matupu. Kwa hiyo nilipomwona diwani wetu, Abdurahmani Likwata, anakuja na shati lake la vikao, sikungoja hata akae.

— Mheshimiwa, salamu baadaye. Jumatano ya maji mafu kaichagua nani?

— Astaghfirullah! Hata kikombe sijashika!

Mzee Amiri akampa kikombe. Diwani akanywa funda moja, akajifuta masharubu.

— Tarehe imependekezwa na kamati. Alhamisi hii baraza la madiwani linakaa, tunaridhia. Kuna barabara, kuna choo cha soko, kuna ushuru wa korosho, halafu ndiyo hilo la mwamba. Nimejipanga vizuri.

— Umejipangaje na uko peke yako? akadakia Shamte. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu haongei na mtu, anatangaza.

— Nimejipanga kwa hoja, Shamte.

— Hoja gani? Kuna hoja ya kumwambia pweza asogee maji mafupi?

— Sikilizeni, jamani. Mgeni rasmi ana nafasi Jumatano hiyo tu. Nikiikataa tarehe, haji. Asipokuja, greda haliji kuchonga barabara. Nyinyi wenyewe ndio mnaonitukana kila siku kwa barabara. Sasa mnataka greda au hamtaki?

Hapo nikamkata.

— Greda linachonga ili gari lake lisirukeruke. Akishapita, mvua mbili tu, tunarudi kwenye mashimo yetu. Mke wangu atakula greda?

— Kaka, usinipandishie sauti. Mimi nimo humo ndani, ninajua kunavyoendeshwa. Ukipinga kila kitu, unaachwa. Kata za wenzako zinapata, wewe unabaki na msimamo wako.

Niseme kweli, hilo lilinikaa rohoni. Likwata si mwizi. Alikuwa anakaa hapa hapa kwenye kitasa kabla hatujampa kura. Lakini tangu aanze kwenda vikaoni, ukimuuliza jambo la baharini anakujibu la ofisini.

— Kisheria, akaanza Evaristo, nasi tukajua hatutaondoka mapema. Aliwahi kuwa mlinzi wa mahakama ya mwanzo, akatoka na jina la Kifungu. Kisheria, akaendelea, kwanza tuulizane: maji kujaa na kutoka yako chini ya idara gani?

— Idara ya nini tena, Kifungu? Hayo ya Mungu.

— Ya Mungu, sawa, lakini mwamba uko ndani ya kata. Maji yakiingia kwenye kata siku ya shughuli ya serikali bila kibali, hayo yamevamia. Mheshimiwa asimame Alhamisi, aombe yaandikiwe barua ya kuitwa shaurini.

— Barua apelekewe nani? Papa?

— Inabandikwa nguzoni pale ufukweni. Asiyefika atahukumiwa asipokuwepo.

Mudathiri akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Ni kijana, fundi pikipiki, tunamwita Injinia tangu afunge mashine ya kusaga kwenye baiskeli.

— Wazee, mnajichosha bure. Hii ishu ni ya kiufundi. Zile pampu za bustani zipo saba bondeni. Tunajaza mchanga kwenye viroba, tunazungusha mwamba mzima, tunanyonya maji. Masaa manne, mwamba mkavu, kina mama wanaingia na kandambili. Fresh kabisa.

— Na hayo maji unayanyonya unayamwaga wapi?

— Baharini.

— Si ndiyo yatarudi!

— Yatarudi, ila sherehe itakuwa imeshaisha.

— Huyo ndiye wa kupelekwa baraza la madiwani, nikasema. Mawazo yao yamefanana.

Diwani hakucheka. Redio akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri, ila sauti yake ya siri inasikika mpaka kisimani.

— Hamjaelewa. Mnadhani wamekosea tarehe? Hawajakosea. Kalenda ya ofisini ina picha ya benki na sikukuu zote, ila mwezi wa angani haumo. Kwa nini haumo? Umetolewa makusudi. Wenye boti ndio waliotoa.

— Wewe kalenda hiyo umeiona?

— Nimeambiwa na aliyeiona. Tena huyo mgeni rasmi, nasikia akikanyaga maji ya chumvi anavimba miguu. Wakasema, basi, tafuteni siku ambayo hakuna atakayemwambia vua viatu tuingie mwambani. Na pweza wenyewe wameshauzwa. Wamepigwa picha na ndege isiyo na rubani, mmoja mmoja, kila mmoja ana namba yake. Kuna mkubwa pale mwambani ameandikiwa kwenda nje.

— Lahaula! Na pasi ya kusafiria anayo? akauliza Mzee Amiri.

— Cheka, mzee. Utaniambia.

— Basi inatosha! Diwani aligonga ubao kwa kikombe. Mimi nawaeleza mambo ya maana, nyinyi mnanipa pweza wa namba. Alhamisi nitasimama, nitasema kwenye mengineyo kwamba wananchi wana maoni kuhusu maji.

— Kwenye mengineyo? nikasema. Si mwisho kabisa, watu wameshafunga mikoba, wananusa pilau?

— Ndipo panaporuhusiwa!

— Likwata, tarehe ipo kwenye ajenda. Kwa nini usiseme hapo hapo ilipo? Sema neno moja tu: hapana.

— Unadhani hapana ni rahisi? Njoo ukae wewe kwenye kile kiti!

— Nipe!

Tulikuwa tumeshasimama wote wawili, pua kwa pua, alipofika mwalimu Flora. Ana wiki mbili tu hapa. Katoka Nyangamara, huko bara kwenye mikorosho, na bahari bado anaitazama kwa mbali kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemjua. Alikuja kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu, tukaitika, tukakaa kwa aibu.

Mzee Amiri akamfungia kashata. Mwalimu akawa anatutazama mmoja mmoja.

— Samahani, nimesikia tangu kule njiani. Huo mwamba ni mpaka mgeni rasmi ndiyo ufunguliwe?

— Ndiyo utaratibu, akasema diwani, akanyoosha kola.

— Aa. Na siku mnaufunga, mgeni rasmi alikuwa nani?

Aliuliza kama mtu anayetaka kujifunza mila za wenyeji. Hakuwa na ubaya wowote. Kifungu akatazama juu kana kwamba sheria imeandikwa kwenye makuti ya minazi. Redio akakohoa. Siku ya kuufunga mvua ilinyesha tangu alfajiri. Adija na wenzake walitoka na nguzo za mpaka begani, wakazichomeka wenyewe kwenye matope, wakarudi wamelowa wanatetemeka. Hakuna aliyekata utepe. Hata turubai hakuna aliyefunga.

— Nimeuliza vibaya? akasema mwalimu.

— Hapana, mwanangu, akasema Mzee Amiri. Akainamisha birika juu ya kikombe cha diwani. Likatoka tope la kahawa kidogo, basi. Imekwisha, Mheshimiwa, akamwambia. Kina mama wako kisimani saa hizi.

— Nikawaambie nini?

— Huna la kuwaambia, nikasema. Kawaulize tarehe.

Diwani akainuka. Hakuondoka, wala hakukaa.